Maneno 30 ya Kiingereza kutoka mzizi mmoja: mwongozo kamili wa kupasua "port"

Malalamiko ninayoyasikia kutoka kwa wanaojifunza Kiingereza ni yaleyale. Mtu anajaza ukurasa mzima: maneno ya Kiingereza kushoto, maana za Kiswahili kulia. Anakariri hadi usiku wa manane. Asubuhi amebaki na nusu, na wiki ikiisha yamebaki manne.

Mwingine amesikia kwamba maneno mengi ya Kiingereza yamejengwa juu ya mizizi ya Kilatini. Anaijaribu njia hiyo na kukosa vibaya kuliko yule anayekariri, kwa sababu kila anapoona herufi p-o-r-t anaandika "beba". Kijana mmoja wa kidato cha pili alinionyesha zoezi lake la ufahamu. Maneno *a portion of the land* alikuwa ameyafasiri "ardhi iliyobebwa". Alikuwa ametumia akili kabisa, ila hakuna aliyemwonyesha mahali pa kusimama.

Mwongozo huu ni wa wote wawili. Tutashika mzizi mmoja tu, *port*, uliotoka katika kitenzi cha Kilatini *portare*, yaani kubeba. Nimeuchagua kwa sababu maneno yake yamejaa kwenye habari za biashara, kwenye fomu za ofisini na kwenye mitihani, na kwa sababu una karibu kila mtego utakaokutana nao kwenye mizizi mingine.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari kubwa, kauntabuku ikiwezekana, kwa sababu utachora safu tano kwenye kila ukurasa.
- Penseli, na kalamu mbili za rangi tofauti.
- Kamusi mbili. Moja ya Kiingereza kwa Kiswahili. Ya pili ya Kiingereza kwa Kiingereza, iwe ile inayoonyesha asili ya neno. Fungua neno lolote dukani kabla ya kulipa: kama hakuna mstari unaosema neno limetoka Kilatini, Kifaransa au kwingineko, iache. Kamusi za kwenye simu zinafaa pia, mradi zina mstari huo.
- Karatasi moja ngumu ya manila, uikate vipande 40 vya ukubwa wa kiganja.
- Ukurasa mmoja wa habari za biashara kutoka gazeti la Kiingereza, hata la mwezi uliopita.
- Nusu saa kwa siku, kwa siku 10.

Kilatini huhitaji kukijua. Utahitaji Kiswahili chako, na hapo ndipo tunapoanzia.

## Hatua ya 1: Pasua Kiswahili kwanza

Andika neno *hakutubebesha*. Sasa likate kwa penseli: ha-ku-tu-beb-esh-a. Hukufundishwa na mtu, lakini unajua kwamba *-beb-* ndiyo roho ya neno, na vilivyobaki vinasema nani, lini na vipi.

Endelea na mbebaji, ubebaji, bebeka, bebea, bebana. Mzizi ni ule ule, maneno ni mengi. Mtoto wa darasa la kwanza anayaelewa yote bila kuyakariri moja moja.

Sababu ya kuanzia hapa ni kwamba kazi ya kupasua neno tayari unaijua, tena kwa ustadi. Kitu kimoja tu kimegeuzwa, na wengi hawaambiwi. Katika kitenzi cha Kiswahili, kichwa cha neno husema nani na lini, na mkia ndio unaobadilisha tendo lenyewe: bebea, bebesha, bebeka. Katika maneno ya Kiingereza yenye asili ya Kilatini, kichwa ndicho kinachoelekeza tendo: ndani, nje, ng'ambo, chini. Mkia husema ni neno la aina gani: mtu, tendo, sifa. Liandike jambo hili kwa rangi nyekundu kwenye ukurasa wa kwanza.

*Umefanikiwa ukiweza* kupasua maneno matano ya Kiswahili yenye mzizi *-som-* na kueleza kila kipande kwa sauti.

## Hatua ya 2: Jifunze vichwa saba

Vichwa hivi saba vinatosha kwa *port*, na vitakutumikia kwenye mamia ya maneno mengine:

- ex- : nje
- in- : ndani
- trans- : kuvuka, ng'ambo
- re- : kurudi, tena
- de- : kuondoa, kutoa mahali, kushusha
- sub- : chini
- con- : pamoja

Sasa vibandike kwenye *port*. *Export* ni kupeleka bidhaa nje ya nchi. *Transport* ni kubeba kutoka hapa hadi pale, kusafirisha. *Report* ni kubeba habari na kuirudisha kwa aliyekutuma. Ndiyo ripoti yetu ya kila siku. *Deport* ni kumtoa mtu nchini kwa amri ya serikali.

Angalia hao wawili, *export* na *deport*. Kwa Kiswahili vyote ni "kutoa nchini", ndiyo maana wanafunzi huvichanganya. *Export* ni ya korosho, chai na maua. *Deport* ni ya watu. Ukiandika kwamba serikali *exported* wahamiaji, umewafanya mizigo.

Kisha utauliza: mbona kuingiza bidhaa ni *import* na siyo *inport*? Na mbona ni *support* na siyo *subport*?

Jibu liko mdomoni mwako. Tunasema nguo nzuri, nguo ndogo, lakini hatusemi "nguo nbaya". Tunasema nguo mbaya, nguo mbovu, nguo mpya. Ile *n* ikikaribia *b* au *p*, midomo inajifunga mapema na sauti inageuka *m*. Warumi walikuwa na midomo kama yetu. *In* ikikutana na *p* inakuwa *im*: *import*. *Con* inakuwa *com*: *comport*, yaani kujiweka, kujichukulia mbele za watu. Na *sub* inamezwa kabisa na *p* inayofuata, inakuwa *sup*: *support*, kubeba kutoka chini, kutegemeza.

Ndiyo maana *support* ina *p* mbili. Ya kwanza ni mabaki ya *sub*, ya pili ni ya *port*. Ukilijua hili hutalikosea tena kuliandika.

Tahadhari. Kuna *in-* mbili. Moja ni "ndani", kama kwenye *import*. Nyingine ni ya kukanusha, kama kwenye *insupportable*, isiyovumilika. Ile ya kukanusha hupenda kukaa mbele ya neno la sifa ambalo tayari limekamilika. Ondoa *in-* kwenye *insupportable*: unabaki na *supportable*, neno zima la sifa. Basi hiyo ni ya kukanusha.

*Umefanikiwa ukiweza* kufunga daftari na kutaja vichwa vyote saba, kila kimoja na neno lake la *port*.

## Hatua ya 3: Ongeza mikia

Hapa pana wepesi, kwa sababu mikia michache inafanya kazi nyingi.

-er ni mtenda, kama *-ji* yetu. *Porter* ni mbebaji, hamali, mpagazi. *Importer* na *exporter* ni wafanyabiashara wa kuingiza na kupeleka nje. *Reporter* ni mwandishi wa habari. *Supporter* ni shabiki au mwungaji mkono. *Transporter* ni msafirishaji.

-ee ni mtendewa. *Deportee* ni aliyefukuzwa nchini. Kuna watu huandika *deporter* wakimkusudia yeye, na maana inageuka juu chini: anakuwa ndiye afisa aliyefukuza.

-ation ni tendo lenyewe: *importation*, *exportation*, *deportation*, *transportation*. Hili la mwisho Wamarekani hulitumia sana. Waingereza huridhika na *transport*.

-able ni kauli yetu ya kutendeka, ile ya *-ika* na *-eka*. *Portable* ni "-a kubebeka", herufi kwa herufi. Sijui tafsiri nyingine inayokaa sawasawa namna hii. *Transportable* ni kinachosafirishika. Kutoka *portable* unapata *portability*, ubebekaji.

-ive ni sifa: *supportive*, mtu anayekuunga mkono kwa hali na mali. -ant na -ance ni sifa na jina lake: *important*, *importance*. Na -ly hutoa kielezi: *reportedly*, "kwa mujibu wa habari".

Tahadhari. Mikia haibandikwi ovyo. Hakuna *reportation* wala *supportation* katika Kiingereza cha leo. *Report* na *support* zenyewe ni vitenzi na ni nomino. Kabla ya kuandika neno ulilolijenga mwenyewe, lihakikishe kwenye kamusi.

*Umefanikiwa ukiwa na* maneno yasiyopungua 20 daftarini.

## Hatua ya 4: Bashiri kabla ya kufungua kamusi

Chora safu tano: neno, vipande, ubashiri wangu, kamusi, sentensi. Utaratibu ni lazima uende hivyo, kushoto kwenda kulia. Anayeruka safu ya tatu amerudi kwenye kukariri, kwa sababu akili hushika lile ililolihangaikia.

Tufanye moja pamoja, polepole. Kwenye gazeti umekuta: *The minister has reportedly left the country.* Weka penseli. Kata mkia *-ly*. Kata *-ed*. Kata kichwa *re-*. Umebaki na *port*. Sasa jenga tena kutoka katikati: beba, beba-rudisha, yaani toa habari, iliyotolewa habari, kwa namna ya iliyotolewa habari. Andika ubashiri wako: "kama ilivyoripotiwa". Fungua kamusi. Utakuta umepatia, na zaidi ya hapo utagundua jambo ambalo tafsiri ya haraka ingelificha: mwandishi hasemi kwamba waziri ameondoka, anasema kwamba habari zinasema ameondoka. Kwa msomaji wa habari, tofauti hiyo ni kubwa.

Sasa jaribu *important*. Vipande: im-port-ant. Ubashiri wako pengine ni "kinachoingiza ndani", nao utakuwa umekosea, lakini usiufute. Neno hili lilipitia Kilatini cha zama za kati, ambako *importare* ilipata maana ya kuwa na uzito, kubeba matokeo ndani yake. Sisi pia twasema "jambo hili lina uzito", "neno zito", "suala lisilo na uzito". Picha ni ile ile ya mzigo. Ukiandika "jambo lililobeba uzito" kwenye safu ya tatu kwa rangi ya pili, *important*, *importance* na *unimportant* zitakaa.

Kwa hiyo ubashiri una ngazi mbili. Ya kwanza ni kubeba kwa mikono: *portable, porter, transport, import, export*. Ya pili ni kubeba kwa mfano: *support, report, important, comport*, na *purport*, kujidai kuwa kitu fulani, kama cheti kinacho-*purport* kutoka chuo fulani kumbe ni cha kughushi. Ngazi ya kwanza ikigoma, panda ya pili kabla ya kukata tamaa.

*Umefanikiwa ukiona* kwamba katika maneno 10, ubashiri wako umekaribia kwenye sita au saba. Kumi kwa kumi si lengo. Akipata kumi kwa kumi, mtu ameangalia kamusi kwanza.

## Hatua ya 5: Tenga "port" zisizobeba

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo tukae kidogo.

Rudi kwenye Kiswahili. *Beberu* inaanza na *beb*. Je, beberu ni mbebaji? Hapana. *Bebedua* midomo nayo haina mzigo wowote. Huhitaji kuambiwa, sikio lako linakataa. Kwa Kiingereza sikio hilo huna bado, basi lazima ulitengeneze kwa kujua kwamba Kilatini kilikuwa na maneno matatu yanayofanana: *portare*, kubeba, *portus*, bandari, na *porta*, lango. Wanaisimu huyaona kuwa jamaa wa mbali sana, lakini kwa kazi yetu weka ukuta kati yao.

Ukoo wa bandari. *Port*, bandari, ndiyo mkubwa wa ukoo. *Airport* ni bandari ya ndege. *Passport* ilitoka Kifaransa, *passer*, kupita, na *port*, bandari: ruhusa ya kupita bandarini. Kwa hiyo pasipoti yako, japo unaibeba mfukoni, haitokani na kubeba. Hata jina *Portugal*, nchi tunayoiita Ureno, limetokana na *Portus Cale*, jina la bandari.

Na *opportunity*, fursa, iko humo humo. Pasua: op-port-unity. Ile *op-* ni *ob-*, "kuelekea", iliyomezwa na *p* kama tulivyoona kwa *sub*. Neno la Kilatini lilihusu upepo unaosukuma chombo kuelekea bandarini. Mtu wa pwani hahitaji maelezo zaidi. Jahazi lililongoja kaskazi lije liingie Lamu, Mombasa au Zanzibar lilijua fursa ni nini: upepo ukikukuta tanga limekunjwa, umepita. Mimi hulifundisha neno hili peke yake siku nzima, na sijaona mwanafunzi aliyelisahau.

Ukoo wa lango. *Portal* ni lango, siku hizi hata tovuti inayokuingiza kwenye huduma. *Porch*, baraza ya mbele ya mlango, iko ukoo huu pia, ingawa *t* imepotea.

Wageni kabisa. *Portion*, fungu au sehemu, ilitoka *portio* na haihusiani na kubeba. Hilo ndilo lililomwangusha kijana wangu. *Portrait*, picha ya sura ya mtu, na *portent*, dalili ya jambo lijalo, nazo si za kwetu. Katika hizo herufi za mwanzo zimefanana tu.

Ndugu waliojificha. Kuna upande wa pili wa mtego. *Sport* ni mtoto halali wa *portare*. Kifaransa cha kale kilikuwa na *desporter*, kumchukua mtu mbali na shughuli zake, kumburudisha. Waingereza wakakata kichwa, ikabaki *sport*. *Portfolio* nayo ni ya kubeba: ilitoka Kiitaliano, *porta* kutoka kubeba na *foglio*, karatasi. Mkoba wa kubebea karatasi.

Utazitofautishaje? Jiulize maswali matatu kwa mpangilio huu. Je, kichwa ninakijua? Je, mkia ninaujua? Je, sentensi inakubali mzigo, wa mkononi au wa mfano? *Portrait* inaanguka kwenye swali la pili, kwa sababu *-rait* si mkia. *Portion* inapita la pili, maana *-ion* ni mkia kweli, lakini inaanguka la tatu: hakuna anayebeba ardhi. Ukibaki na shaka, mstari wa asili kwenye kamusi ndio hakimu.

Tahadhari kwa wasomaji wa Goma, Lubumbashi na Bujumbura. Kifaransa chako ni msaada mkubwa hapa, kwani *porter*, *apporter* na *emporter* ni za mzizi huu huu. Lakini maneno matatu yatakuponza. *Importer* kwa Kifaransa ni kitenzi, kwa Kiingereza ni mtu. Kitenzi *supporter* kwa Kifaransa mara nyingi ni kuvumilia, lakini *to support* kwa Kiingereza ni kuunga mkono. Ukisema *I cannot support my neighbour* ukikusudia kwamba humvumilii, Mwingereza ataelewa kwamba huna uwezo wa kumsaidia. Na *rapport*, ambayo kwa Kifaransa yaweza kuwa ripoti, kwa Kiingereza ni maelewano mazuri kati ya watu, kama mwalimu na darasa lake. *T* ya mwisho haitamkwi.

*Umefanikiwa ukiweza* kuyagawa maneno haya bila kamusi: *airport, porter, portal, sport, portion, opportunity, deport*.

## Hatua ya 6: Weka mkazo mahali pake

Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno: ki-TA-bu, m-be-BA-ji. Mazoea hayo yanakusaidia kwenye *im-POR-tant*, *sup-POR-ter*, *trans-por-TA-tion*. Zote zina mkazo pale pale tulipozoea.

Yanakuangusha kwenye maneno ya silabi mbili. *Report*, *support* na *deport* hubeba mkazo mwishoni: re-PORT, sup-PORT, de-PORT. Tukiyasema kwa mazoea yetu ya silabi ya pili kutoka mwisho, tunaweka mkazo mwanzoni, na msikilizaji anababaika.

Kisha kuna matatu yanayobadilika. Yakiwa nomino, mkazo uko mwanzo: an IM-port, an EX-port, TRANS-port. Yakiwa vitenzi, unahamia mwisho: to im-PORT, to ex-PORT, to trans-PORT. Sema kwa sauti, ukipiga meza kidole kwenye silabi nzito: *We ex-PORT tea. Tea is our main EX-port.* Rudia mara 10. Kusoma kimya hakutasaidia hapa hata kidogo.

*Umefanikiwa* mtu aliyekaa upande wa pili wa meza anapoweza kukuambia, kwa kusikia neno peke yake, kama ulikusudia nomino au kitenzi.

## Hatua ya 7: Kadi

Mbele ya kadi andika neno likiwa limekatwa: trans/port/ation. Nyuma andika sentensi yako mwenyewe, wala usiandike maana ya Kiswahili peke yake. Sentensi iwe ya maisha yako: soko lako, daladala au matatu yako, ofisi yako. Pitia kadi zote siku ya 1, ya 2, ya 4, ya 7 na ya 10. Uliyoikosa irudi siku inayofuata. Basi.

## Hatua ya 8: Jipime

Siku ya 10, bila kamusi wala kadi, soma kifungu hiki:

*The exporter reported that the portable machines had not reached the port. One supporter of the project said the delay was unimportant, but the transporters lost a good opportunity. A portion of the cargo had to be transported by air.*

Kina maneno 10 yenye herufi p-o-r-t. Yapange kwa koo zake, kisha fasiri kifungu chote.

Majibu. Ya kubeba ni saba: *exporter, reported, portable, supporter, unimportant, transporters, transported*. Ya bandari ni mawili: *port* na *opportunity*. Mgeni ni mmoja: *portion*.

Tafsiri inaweza kuwa hivi: "Mfanyabiashara anayepeleka bidhaa nje aliripoti kwamba mashine za kubebeka hazikuwa zimefika bandarini. Mmoja wa wanaouunga mkono mradi huo alisema ucheleweshaji huo si jambo zito, lakini wasafirishaji walipoteza fursa nzuri. Sehemu ya shehena ilibidi isafirishwe kwa ndege."

Ukipata nane kati ya 10, songa mbele. Ukipata chini ya hapo, tazama umekosea wapi. Kama umekosea kugawa koo, rudia Hatua ya 5 tu. Kama umekosea maana, tatizo liko kwenye vichwa, rudia Hatua ya 2. Usirudie yote, utachoka bure.

## Hatua ya 9: Hamia mzizi wa pili

Faida yenyewe inaanza hapa, kwa sababu vichwa umeshavilipia. Chukua *press*, kubana, kushindilia. Nayo inaanza na *p*, kwa hiyo sauti zitabadilika vilevile.

*Com-press* ni kubana pamoja. Ile kompresa ya fundi pancha hubana hewa ndani ya mtungi, jina lake ni kazi yake. *Ex-press* ni kukamulia nje kilicho moyoni, kueleza. *Im-press* ni kubonyeza ndani hadi alama ibaki: mtu aliyeku-*impress* ameacha chapa. *De-press* ni kusukuma chini, kuvunja moyo. *Sup-press* ni kushindilia chini jambo lisiinuke, kama habari au maandamano. Na *op-press* ni kukandamiza, neno ambalo Kiswahili kimelijenga kwa picha ile ile: mkono juu ya kitu, uzito ukishuka.

Tahadhari. Mkia wa tendo hapa si *-ation*, ni *-ion*: *expression, impression, compression, oppression*. Kila mzizi unachagua mikia yake, ndiyo maana safu ya kamusi haiondoki daftarini.

Fanya *press* kwa siku tano, hutahitaji 10. Kisha chukua *tract*, kuvuta: *attract, extract, contract, subtract*. Trekta linalovuta jembe shambani limetoka humo. Na ukifungua mstari wa asili wa *portrait*, ile tuliyoifukuza kwenye Hatua ya 5, utaikuta imekaa hapo: ni *pro-*, mbele, na kitenzi kile kile cha kuvuta.